Panga Kifuani mwa Pascalia

Mukhwana, mpiga picha za eksirei, alitoka chumbani mwake ameshika filamu mbichi inayochuruzika maji, akauliza kwa hasira ni nani huyo asiye na akili aliyeingia na panga mahali pa wagonjwa.

Wala lisingekuwa jambo la ajabu. Miaka ile miwa ilikuwa imewapanda watu kichwani, kuanzia Shianda mpaka Mumias na kwingineko. Watu waling'oa mihogo, wakang'oa migomba, wakapanda miwa mpaka kizingitini. Panga lilikwenda na mwanamume kila aendako, sokoni, matangani, hata kanisani. Kwa hiyo wote waliokuwa kwenye benchi la hospitali ile ya wamishonari, nje kidogo ya mji wa Kakamega, walimgeukia Osundwa. Yeye alikuwa mkata miwa, na alikuwa ametoka shambani moja kwa moja kumleta binti yake, masizi ya miwa iliyochomwa bado yako shingoni, panga lake liko ndani ya gunia ameliegemeza mlangoni. Mukhwana akamwambia gunia lake limeharibu picha ya mtoto. Osundwa akaomba radhi, akalipeleka nje, akaliweka chini ya mti.

Picha ikapigwa upya. Panga lilikuwa pale pale.

Basi Mukhwana akavimba kweli kweli. Akawatoa nje wanaume wote waliokuwa ukumbini, akamvua mtoto rozari, akapekua kwa mikono yake hata nyuma ya ubao wa kupigia picha. Aliporudi na filamu ya tatu hakugomba tena. Alisimama mlangoni akaigeuza, akaigeuza tena, akamtazama yule mtoto, halafu akaenda kumwita daktari. Milcah, mama wa mtoto, aliona kitu kimoja kilichomtia baridi: yule mwanamume mwenye mdomo wote ule alizunguka benchi zima ili asipite karibu na binti yake.

Pascalia mwenyewe alikuwa amekaa akibembeza miguu. Alikuwa mtoto mwembamba wa darasa la pili, mwenye macho makubwa, na kila mvua ilipoanza alishikwa na kifua mpaka pumzi zinamkata. Mwezi uliotangulia walikuwa wamemlilia wakidhani amekwenda. Wenzake wakicheza mpira wa kati, yeye alikaa chini akawahesabia.

Filamu ilikuwa imetundikwa dirishani ikauke. Milcah akainuka, akasogea kuitazama, mkono tumboni kwa sababu alikuwa mjamzito wa miezi michache na kila kitu kilimtisha. Aliona mbavu. Aliona moyo, nao haukuwa unapokaa moyo wa mtu, ulikuwa umesogea kulia kama mgeni aliyekosea kiti. Na kando ya moyo, kutoka juu ya pafu mpaka chini karibu na tumbo, kulikuwa na panga jeupe, limepinda vizuri, ncha ikielekea chini. Usingehitaji kusoma ili ulione. Mtoto wa miaka miwili wa Shianda angekuambia hili ni panga.

Lakini si hilo lililomfanya ashike ukuta. Panga lile alikuwa amelijua kwa miaka. Aliliona kila asubuhi nyumbani kwa mama mkwe wake.

Hebu tuelewane kwanza, maana mambo ya boma lile ni marefu. Osundwa alikuwa na dada aliyeitwa Pascalia. Alikuwa msichana mzuri, anaimba kanisani, na pumzi zake zilikuwa fupi tangu utotoni. Akapigwa picha mahali fulani, na waliompiga wakaonyesha filamu, wakasema hawaelewi, wakampa dawa ya kikohozi. Akafa akiwa kigori. Mama yake, Kukhu Jescah, yaani Bibi Jescah kwa lugha ya kwao, alirudi nyumbani na ile filamu chini ya kwapa, akaitazama juani, akaona alichoona. Hakulia sana. Alivuka ua mpaka kwa mke mwenzake, Alice, akamwambia mbele ya watu wote waliokuja kuzika: wewe ndiye uliyemwekea mtoto wangu panga kifuani.

Nani angebisha? Panga lenyewe lilikuwa linaonekana. Alice aliapa kwa Mungu na kwa mama yake aliyemzaa, akavua hata nguo ya juu kwa uchungu, haikusaidia. Nyumba yake ilivutwa chini na vijana kabla matanga hayajaisha. Akaondoka na watoto wake kwenda huko Lumakanda, kwenye mashamba ya mahindi, ambako watu wa kila kabila walikuwa wakianza upya na hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Naye Kukhu Jescah akachukua filamu ile, akaipigilia kwa misumari ya viatu kwenye dirisha la chumba chake, mahali pa kioo, ili kila apitaye barabarani aione na asisahau. Ikakaa hapo, na jua la asubuhi likapita ndani yake.

Halafu Milcah akaolewa, akajifungua msichana, na yule mtoto akalia. Si kulia kwa njaa. Alilia usiku kucha na mchana kutwa, akakataa ziwa, mpaka wazee wakasema anatafuta jina. Wakakaa wakataja majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, kama inavyofanywanga, wakisubiri atulie. Walipofika kwa Pascalia, mtoto akanyamaza, akafungua macho, akashika ziwa. Kukhu Jescah akampakata, akamwita mwanangu, na tangu siku ile hakumwita mjukuu. Alipoacha kunyonya alichukuliwa akalale kwa bibi yake, kama watoto wote. Kitanda kilikuwa chini ya dirisha lile.

Yote hayo yalimjia Milcah pale hospitalini kwa mara moja. Miaka yote ile, kila jua lilipochomoza, panga lile la mwanga lilitoka dirishani likamwangukia mwanawe kifuani akiwa amelala. Na sasa lilikuwa ndani. Aliogopa jamani, aliogopa mpaka meno yakagongana.

Daktari alikuwa anaitwa Wangila, kijana mwenye sauti ya chini. Hakucheka habari za panga. Aliitundika picha kwenye sanduku la mwanga, akawaita baba na mama wasogee, akafuata ule mkunjo kwa kidole.

"Hili si panga. Ni mshipa," alisema. "Kila mtu ana mishipa inayotoa damu safi kwenye mapafu na kuipeleka kwenye moyo, upande wa kushoto. Huu wa kulia wa mtoto wenu ulipotea njia akiwa bado tumboni. Badala ya kuingia moyoni, umeshuka chini ukajiunga na ule mshipa mkubwa unaorudisha damu chafu. Kwa hiyo damu safi inarudi tena mapafuni bure, na moyo unachoka. Pafu la kulia nalo halikukua, ndiyo maana moyo umeegemea huko."

Akaeleza kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameuona vitabuni tu. Nairobi kulikuwa na mashine ya kupiga picha moyo ukiwa unapiga, wakipitisha dawa mshipani ili njia yote ya damu ionekane. Wakishahakikisha, wangempasua na kuuelekeza mshipa mahali pake. Gari la hospitali lingeondoka Jumatatu adhuhuri, na nafasi ilikuwapo. Kisha akasema neno ambalo Milcah alilibeba mpaka nyumbani kama jiwe: kifua kingine kama kile cha mwezi uliopita, mtoto huenda asivuke. Mvua zilikuwa zimekaribia.

Kukhu Jescah alisikiliza habari yote akimenya ndizi, hakuinua kichwa. Walipomaliza akafuta kisu kwenye leso.

"Mtoto wangu wa kwanza alikufa na panga kifuani," alisema. "Huyu mnataka kumpeleka akaongezwe kisu?"

Osundwa akajaribu kueleza habari za mshipa, na maneno yakamponyoka, maana hata yeye hakuyaamini sawasawa. Mama yake akamwambia basi. Dawa alikuwa anaijua. Alice atafutwe huko Lumakanda, aletwe kwa heri au kwa kuburutwa, alitoe panga lake mwenyewe kwa mkono uliolitia. Mpaka hapo mtoto haendi popote. Ndivyo alivyokuwa mama yule: akishasema, mbwa wa boma wanalala chini. Osundwa alikuwa mwanamume wa kubeba mzigo wa miwa ambao wewe na mimi tungeuweka chini, lakini mbele ya mama yake hakuwa na mgongo. Alikubali. Milcah akaingia jikoni, akasonga obusuma, ugali wa jioni, huku machozi yakidondokea kwenye sufuria, wala hakuyafuta.

Ijumaa ikapita. Jumamosi ikapita. Jumapili jioni upepo ukaleta harufu ya mvua kutoka upande wa msitu, na Pascalia akakohoa mara moja, kikohozi kidogo tu, kikavu. Milcah alikisikia kutoka ng'ambo ya ua.

Jumatatu alfajiri alingoja mpaka Kukhu ameshika ndoo kwenda kukamua, akaingia nyumbani kwa mama mkwe wake bila kupiga hodi. Mke wa mtu haingii hivyo kwenye chumba cha mama mkwe, na yeye alilijua hilo vizuri. Chumba kilikuwa na giza. Kisha jua likapanda juu ya miwa, likagonga dirisha, na filamu ikawaka. Mbavu za marehemu zikatandikwa ukutani. Panga likashuka pole pole kadiri jua lilivyopanda, likapita kwenye mto, likapita shingoni mwa mtoto, likatulia kifuani mwake, upande wa kulia.

Pascalia alikuwa macho. Aliweka kiganja juu ya ule mwanga bila woga.

"Inakuwanga na joto hapa, mama," alisema. "Kukhu ananiambianga nisiondoke mpaka ipite. Anasema ni mimi."

Milcah alipanda juu ya kitanda, akachomoa misumari kwa kijiko, mmoja mmoja, akijikata vidole. Filamu ilipotoka, jua la kawaida likajaa chumbani na chumba kikawa chumba tu, chenye sufuria na kuku aliyeatamia kwenye kona. Akaikunja ndani ya leso. Alipogeuka alimkuta Osundwa amesimama mlangoni, ameona yote. Akafikiri sasa nimekwisha. Mume wake alitazama tundu la dirisha, akamtazama mtoto, akainama akambeba mgongoni.

Mkandarasi mmoja alikuwa na lori la miwa lililokuwa linakwenda Kakamega kutengenezwa, akakubali kuwachukua. Kabla halijaondoka, wakamwona Kukhu Jescah anakuja barabarani na viatu vyake vya mpira, ndoo ya maziwa ingali mkononi. Alilipanda lile lori bila kusaidiwa na mtu, na umri ule.

"Sikufuata mtoto," alimwambia Milcah. "Nimefuata dirisha langu."

Lori likaondoka kwenda Kakamega.

Daktari Wangila alipofunguliwa ile leso hakuelewa mara moja alichopewa. Filamu ilikuwa imechujuka kwa jua na kutobolewa kingo zote. Aliitundika kwenye sanduku la mwanga kando ya ile ya mtoto, akawasha. Zilikuwa picha mbili za kitu kimoja. Moyo umeegemea kulia, pafu la kulia dogo, na panga lile lile, mkunjo ule ule, ncha ile ile. Moja ilikuwa ya kigori aliyeoza ardhini miaka mingi na nyingine ya mtoto aliyekuwa mlangoni akitafuna kipande cha mua, na kama si ukubwa wa mbavu usingejua ipi ni ya nani. Mukhwana, aliyekuwa amesimama nyuma, alifanya ishara ya msalaba.

"Mnaona sasa," alisema Kukhu Jescah. "Ni yeye. Amerudi na panga lake."

Daktari akasema hapana. Akasema kitu kama hiki ni adimu kwa mtu mmoja, na kwa watu wawili wa damu moja ni adimu zaidi, lakini hutokea, mshipa ukarithiwa kama pua inavyorithiwa, hata ikimruka mmoja ikamshika mwingine. Akauliza kama wangekubali wengine wa ukoo wapigwe picha. Osundwa akaingia, akatoka, na kifua chake kilikuwa kisafi. Daktari akamgeukia mama mzee. Kukhu Jescah akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Alikuwa amezaa, amelima, amezika mume, na hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Akasema sawa, mtaona kifua kisicho na kitu, na mkishaona mnirudishie dirisha langu na mtoto wangu twende nyumbani. Akampa Milcah ndoo ya maziwa amshikie.

Nje, dereva wa gari la Nairobi alikuwa ameshawasha injini. Milcah alikaa kwenye benchi, ndoo mapajani, binti yake amemlalia begani. Alijua kwamba mzee akitoka humo msafi, Osundwa atamtii, na gari litaondoka bila mtoto.

Mlango ukafunguka. Mukhwana alitoka na filamu mbichi inayochuruzika maji. Hakuuliza ni nani aliyeingia na panga.

Waliitundika kando ya zile mbili. Kukhu Jescah alitoka akifunga vifungo vya gauni, akasimama mbele ya sanduku la mwanga, akatazama ya kwanza, akatazama ya pili, akafika kwa ya tatu. Akaweka mkono kwenye titi lake la kulia, akabonyeza. Alikaa hivyo kwa muda, akisikiliza. Ilikuwa kama mtu anayesikia hatua za mtu ndani ya nyumba aliyodhani anaishi peke yake.

Daktari alikuwa akisema kwa upole kwamba wapo wanaozeeka nao bila kujua, kwamba mwingine mshipa haumsumbui kamwe. Mama yule hakumsikia.

"Ni langu," alisema. "Nilimpa mimi." Kisha, bila kumtazama mtu: "Alice aliniapia. Alivua nguo mbele za watu akiniapia."

Akachukua ndoo yake mikononi mwa Milcah, akamwambia Osundwa ampeleke mtoto garini, anangoja nini, kwani miguu imekufa. Hivyo ndivyo Pascalia alivyokwenda Nairobi.

Kukhu Jescah hakurudi Shianda siku ile. Alipanda gari la kwenda Lumakanda na viatu vyake vya mpira na ndoo yake, akauliza mpaka akafika. Alionyeshwa kaburi la Alice katikati ya mahindi. Lilikuwa la mwaka mmoja tu, udongo wake bado haujatulia. Mwana wa Alice hakumkaribisha ndani, akamwachia kigoda nje, naye akakaa hapo mpaka jua likazama, kisha akaondoka. Alichosema huko hajawahi kumwambia mtu.

Huko Nairobi walipitisha dawa, wakauona mshipa umeingia pale pale aliposema Wangila, wakaurudisha mahali pake. Mtoto akarudi na kovu refu kifuani na hamu ya kukimbia. Alipofika kwa bibi yake alitaka kuona dirisha. Palikuwa na filamu nyingine, mpya, nyeusi tii, yenye panga lile lile. Kukhu Jescah alikuwa amemwomba Mukhwana picha yake mwenyewe, akaipigilia mahali pa ile ya zamani, na kila aliyepita barabarani akisimama, alitoka nje akamweleza kwamba hilo ni la kwake, si la Alice. Alieleza hata kwa waliokuwa hawajauliza. Kitanda cha mjukuu alikihamishia upande mwingine wa chumba.

Mvua zilipoisha Milcah akajifungua, msichana tena. Na yule mtoto akalia. Alilia usiku na mchana, akakataa ziwa, mpaka macho ya mama yake yakaingia ndani. Wazee wakaja, wakaanza kutaja majina. Wakamaliza ya upande wa baba, wakamaliza ya upande wa mama, wakarudia, na mtoto anakakamaa kwa kilio. Milcah aliona kwamba mama mkwe wake, aliyekuwa karibu na mlango, hakuwa ametaja hata jina moja.

"Mleteni," alisema hatimaye.

Akampakata. Akaweka kiganja kifuani mwa mtoto, upande wa kulia, akakiacha hapo. Kisha akakisogeza kushoto, akaukuta moyo ukipiga mahali pake, uso ukamlegea, akamwinamia yule mtoto mpaka paji lake likagusa lake.

"Alice," akamwita.

Mtoto alinyamaza. Alifungua macho, akamtazama bibi yake bila kupepesa, kwa muda mrefu kuliko watoto wachanga wanavyotazama. Kukhu Jescah hakumwachia.

"Nyumba yako nitaijenga upya," alimwambia. "Karibu nyumbani, mke mwenzangu."